Pasi za msimu za Epic na Ikon: ndizo zinazojaza milima? Na pesa zake zinaenda wapi?

MkaziWaDenver

Wakuu salaam. Nawaomba wanaoijua biashara ya vituo vya kuteleza kwenye theluji huku Marekani wanisaidie. Kila foleni ya lifti ikirefuka, wa kwanza kulaumiwa ni Epic au Ikon, pasi mbili za msimu zinazofungua vituo vingi kwa pamoja (Epic ni ya kampuni ya Vail Resorts, Ikon ni ya Alterra). Kampuni nazo zinajibu kwamba pasi hizohizo ndizo zinazolipia lifti mpya. Pande zote mbili haziweki hesabu mezani.

Ninayotaka kujua ni haya. Je, pasi za vituo vingi zimeongeza watu, au zimewahamisha tu? Kwa nini lifti mpya ya kasi ikishawekwa foleni mara nyingine hairudi nyuma hata kidogo? Na kampuni ikishakusanya pesa za pasi, inaamuaje mlima upi upewe kitu kipya? Siasa za "mabepari wameharibu mlima" tuziache kwa leo.

---

Hesabu_Kwanza

Mkuu, tuanze na jumla maana ndiyo inayowashangaza wengi. Msimu wa 2007/08, wa mwisho kabla ya Epic, Marekani nzima ilihesabu ziara kama milioni 60.5. Ziara moja ni mtu mmoja kupanda lifti siku moja. Msimu wa 2024/25 zilikuwa kama milioni 61.5. Rekodi ni ya 2022/23, milioni 65.4, na mwaka ule theluji ya magharibi ilipitiliza. Kwa hiyo katika miaka kumi na saba jumla imesogea kidogo sana. Kilichobadilika ni mahali watu wanakokwenda, na siku wanazochagua.

Pasi nafuu nazo hazikuanza na Epic. Mwaka 1998 Winter Park iliuza pasi kwa kundi la watu wanne, dola 800 kwa wote, yaani 200 kwa kichwa. Wapinzani wake wa Colorado wakafuata, na vita vya bei vikaanza hapo. Vail Resorts walichofanya 2008 ni kuuza Epic, pasi moja ya dola 579, isiyo na kikomo cha siku, kwa milima yao mikubwa yote pamoja. Alterra iliundwa 2017 na ikatoa Ikon 2018, ikichanganya milima yake na ya washirika.

Sasa angalia bei inavyofanya kazi. Epic kamili ya 2025/26 ilianza kuuzwa kwa dola 1,051. Tiketi ya siku moja dirishani kwenye mlima wenyewe wa Vail, Colorado, siku za kilele msimu wa 2024/25, ilifika dola 329. Siku tatu dirishani ni 987, siku ya nne tayari pasi imejilipa. Tiketi ile haikupandishwa kwa matumaini kwamba wengi watainunua. Kazi yake ni kukusukuma ununue pasi mwezi wa nne, kabla hujajua kama theluji itaanguka. Kampuni inapokea pesa kabla ya msimu, na kiangazi kikichelewa kuondoka hasara haiwi yake peke yake. Hii ni bima ya hali ya hewa inayolipiwa na mteja, na kwa mwenye kampuni ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Kwa msongamano, matokeo yake ni kwamba ukishalipa, siku ya ziada haikugharimu kitu mlangoni. Jumamosi ya sikukuu na Jumanne ya mwezi wa kwanza zina bei moja, yaani sifuri. Watu wenye kazi na watoto shuleni watachagua Jumamosi. Theluji mpya ikishuka sentimita 30 usiku, wote wanaamka na wazo moja, kwa sababu hakuna bei ya kuwarudisha kitandani.

Kuna pasi zinazozuia siku za sikukuu, na hizo hupunguza kilele kidogo. Lakini sifa za Vail za kuweka kikomo cha tiketi za siku msimu wa 2022/23 msizimeze nzima. Karibu robo tatu ya ziara zao huja kwa pasi. Ukibana tiketi za dirishani umebana ile robo iliyobaki.

---

Fundi_Kebo

Nimchukulie ndugu swali la lifti, maana hapo ndipo watu hudanganyika kwa macho.

Chukua lifti ya viti vya watu wanne, urefu mita 1,650. Ya zamani, ile ambayo kiti kimefungwa moja kwa moja kwenye kebo, inakwenda kama mita 2.3 kwa sekunde: dakika 12 kufika juu. Ya kisasa, ambayo kiti kinajiachia kwenye kebo kikifika stesheni, inakwenda mita 5 kwa sekunde: dakika 5 na nusu. Zote mbili zikitoa kiti kila sekunde 6, uwezo ni uleule, watu 2,400 kwa saa, yaani 40 kwa dakika. Kasi haiongezi uwezo. Uwezo unatokana na ukubwa wa kiti na nafasi kati ya kiti na kiti, basi.

Weka watelezaji 800 wanaozungukia lifti hiyo moja, na kushuka kuwe dakika 6. Kwa watu 40 kwa dakika, mzunguko mzima wa mtu mmoja ni dakika 20, upende usipende.

Lifti ya polepole: 12 juu ya kiti, 6 kushuka, zinabaki 2 za foleni. Yaani watu 480 wako hewani, 240 njiani, 80 wamesimama chini.

Lifti ya kasi: 5.5 kwenye kiti, 6 kushuka, zinabaki 8.5 za foleni. Watu 220 hewani, 240 njiani, na 340 wamesimama chini.

Watu ni walewale na uwezo ni uleule. Foleni imekuwa mara nne kwa sababu lifti ya zamani ilikuwa inawaficha watu angani. Anayepiga picha ya foleni atasema mlima umejaa kuliko mwaka jana.

Ndiyo maana siku hizi hawabadilishi nne kwa nne, wanaweka viti vya watu sita au wanane. Kwa sita yenye uwezo wa 3,200 kwa saa, mzunguko unashuka hadi dakika 15 na foleni kuwa dakika 3.5. Raha, sivyo? Sasa hesabu walio njiani: wamepanda kutoka 240 hadi 320, theluthi nzima zaidi kwenye mteremko uleule. Hapo ndipo migongano inapozidi, na theluji inakwanguliwa hadi barafu kabla ya saa sita mchana. Lifti imetatua tatizo lake na kulisukumia njia ya kushukia.

Jambo jingine ambalo haliandikwi kwenye matangazo ni viti vitupu. Lifti ya wanne ikiondoka na wastani wa watu watatu, 2,400 imekuwa 1,800. Kwa watu wetu 800, lifti ya kasi sasa ina foleni ya dakika 15 badala ya 8.5. Tiba yake ni wahudumu wawili wanaopanga makundi pale mistari inapoungana, pamoja na mstari wa watu wasio na mwenzi wa kujaza pengo. Kwa dola 20 kwa saa, saa 7, ni dola 280 kwa siku. Lifti mpya ya watu sita siku hizi inaweza kupita dola milioni 10. Ukiona kituo kimeweka lifti ya milioni 10 na hakuna mtu wa kupanga mistari Jumamosi, ujue bajeti ya ujenzi na bajeti ya mishahara zinakaa kwenye madaftari tofauti.

---

MkaziWaDenver

Fundi, hiyo ya watu kufichwa angani imenikaa. Lakini basi kwa nini kampuni isitumie pesa za pasi kuajiri hao wahudumu? Pesa si wanazo tayari kabla ya msimu?

---

Nyuma_ya_Dirisha

Wanazo, na mwaka uliothibitisha tatizo ni 2021. Vail walishusha bei ya pasi kwa asilimia 20, Epic kamili ikatoka 979 hadi 783. Pasi zilizouzwa kwa msimu wa 2021/22 zikafika milioni 2.1, zaidi ya 700,000 juu ya mwaka uliotangulia. Wateja waliongezwa kwa tangazo moja, lakini wafanyakazi haiwezekani kuongezwa hivyo. Mtu wa msimu anahitaji chumba, na miji ya milimani vyumba vimegeuzwa vya wageni wa siku mbili. Uviko ulikuwa bado unaangusha zamu nzima kwa wiki moja. Stevens Pass, jimbo la Washington, ilishindwa kufungua sehemu kubwa ya mlima kwa kukosa watu, na malalamiko ya wateja yakapata sahihi zaidi ya 40,000. Vituo vidogo vya katikati ya nchi vilipunguza siku na saa za kazi huku pasi zake zikiwa zimeshalipwa.

Msimu uliofuata kampuni ilipandisha mshahara wa chini hadi dola 20 kwa saa. Ilisaidia. Halafu tarehe 27 Desemba 2024, wiki yenye wageni wengi kuliko zote, watu wa doria ya mlimani pale Park City, mlima wa Vail huko Utah, waligoma hadi tarehe 8 Januari 2025. Walitaka mshahara wa kuanzia utoke 21 uende 23. Bila doria huwezi kulipua na kukagua miteremko yenye hatari ya maporomoko ya theluji, na mteremko usiokaguliwa haufunguliwi. Lifti zilikuwepo, theluji ilikuwepo, lakini wageni wote walibanwa kwenye njia chache zilizofunguliwa. Baadaye kampuni iliwapa waliokuwepo siku zile punguzo la pasi ya msimu unaofuata.

Unauliza wanaamuaje pesa ziende wapi. Kwa milima inayomilikiwa na kampuni, swali la ofisini ni: kitu hiki kitauza pasi ngapi? Lifti mpya inatangazwa mwezi wa tatu, pasi zinapoanza kuuzwa, na inasomeka vizuri kwenye tangazo. Mabomba mapya ya maji ya kutengenezea theluji hayasomeki. Nyumba za wafanyakazi hazisomeki kabisa. Vilevile kuna milima ambayo kazi yake kwenye mfumo ni kuuza pasi, si kupata faida papo hapo. Mwaka 2012 Vail walinunua Afton Alps karibu na Minneapolis na Mt. Brighton karibu na Detroit, vilima vidogo vya mjini, na 2016 wakaongeza Wilmot inayohudumia Chicago. Mkazi wa Chicago ananunua pasi ateleze Wilmot jioni za wiki, kisha siku tano za likizo anazipeleka Colorado. Usitegemee kilima cha namna hiyo kipewe lifti ya watu wanane.

Kwa washirika wa Ikon wasiomilikiwa na Alterra utaratibu ni mwingine. Wao hulipwa kadiri pasi zinavyosomwa na mashine mlangoni. Kwa hiyo mshirika anaweza kupima: kila mgeni wa pasi ananiletea kiasi gani, na ananigharimu maegesho na uvumilivu wa wenyeji kiasi gani? Jackson Hole na Aspen walipima, na kuanzia 2020/21 wakatolewa kwenye Ikon Base, ile Ikon ya bei nafuu. Aliyewataka ilimbidi aongeze dola 150. Hicho ndicho kipimo halisi cha msongamano, mlima wenyewe kuomba upandishwe daraja.

---

mtu_wa_SLC

Nyuma_ya_Dirisha kasema vizuri, ila kuna mchezaji wa tatu hajamtaja: halmashauri na majirani. Pesa ikiwepo na lifti ikishanunuliwa, bado unaweza kukwama.

Park City 2022 ni mfano wa kufundishia. Vail walitaka kubadilisha lifti mbili, Eagle na Silverlode. Mkurugenzi wa mipango miji akaidhinisha, wakazi wanne wakakata rufaa, na Juni 2022 tume ya mipango ikawaunga mkono. Ugomvi ulikuwa kwenye namba inayoitwa uwezo wa kubeba kwa starehe, yaani watu ambao mlima unaweza kuwahudumia kwa siku, pamoja na mpango wa maegesho, kwa kufuata makubaliano ya ujenzi ya 1998.

Namba hiyo inakokotolewa hivi. Zidisha watu kwa saa kwa mita za kupanda za lifti, kwa saa za kazi, kisha toa sehemu inayopotea kwa viti vitupu na kusimama. Gawanya kwa mita za wima ambazo mtelezaji mmoja hushuka kwa siku. Tuseme watu 2,400, kupanda mita 400, saa 7, ufanisi 0.85: unapata mita milioni 5.7. Kila mtu akiteleza mita 5,000, lifti inastahimili watu kama 1,140. Weka ya watu sita yenye 3,200 na namba inakuwa 1,520. Umeongeza watu 380 kwenye karatasi. Kwa watu wawili na nusu kwa gari, hayo ni magari 150, na gari moja pamoja na njia yake hula kama mita za mraba 28. Zidisha mwenyewe. Jirani anauliza: hizo mita 4,200 ziko wapi?

Kampuni ilijibu kwamba lifti inakuja kupunguza foleni, si kuleta watu. Fundi ameshaonyesha kwamba lifti hiyohiyo inaweza kupunguza foleni na papo hapo kuongeza walio njiani. Mwisho wake lifti zilizokuwa zimeshatengenezwa zilipelekwa Whistler, Canada: ya watu wanane ikawa lifti ya Fitzsimmons, ikafunguliwa Desemba 2023, na ya watu sita ikawekwa Jersey Cream mwaka uliofuata. Park City wakabaki na foleni zao. Kuanzia msimu wa 2022/23 maegesho nayo yakawa ya kulipia, isipokuwa gari lenye watu wanne au zaidi.

Kwa maoni yangu maegesho ndiyo bei pekee ya siku iliyobaki baada ya pasi kufuta tiketi. Solitude, kituo kingine cha Utah, ilianza kutoza 2019. Palisades Tahoe ya California iliweka utaratibu wa kuhifadhi nafasi ya gari wikendi msimu wa 2023/24. Watu wananuna, lakini ndiyo dawa inayogusa Jumamosi bila kumgusa wa Jumanne.

---

Vilima_Vidogo

Wakubwa, mnaongea kana kwamba dunia ni Colorado na Utah. Naomba nipinge kidogo.

Vituo vya Marekani vilikuwa zaidi ya 700 mwanzoni mwa miaka ya 1980, leo havifiki 500. Vingi vilikufa kabla Epic haijazaliwa, kwa bima, kwa madeni na kwa msimu mmoja bila theluji. Kwa kilima kidogo, pesa inayoingia mwezi wa tano ni tofauti kati ya kuwasha mashine za theluji Novemba na kutoziwasha. Kufunika hekta moja kwa sentimita 30 kunataka mita za ujazo 3,000 za theluji, na hizo zinakula kati ya mita za ujazo 1,200 na 1,500 za maji, pamoja na umeme wa pampu na kompresa, tena katika saa chache za baridi kali za usiku. Njia ya urefu wa kilomita moja na upana wa mita 40 ni hekta 4. Piga hesabu hiyo halafu umwambie mwenye kilima kwamba pasi ya mapema ni uovu.

Kosa liko kwenye siku zisizo na kikomo. Indy Pass, tangu 2019, inatoa siku mbili tu kwa kila kilima huru na inafunga mauzo ikifika idadi yake. Watu wanatawanyika kwa sababu siku ya tatu haipo. Uswisi nako, Saas-Fee ilithubutu 2016 kuuza pasi ya msimu kwa faranga 222, na mwaka uliofuata vituo vya upande wa Kifaransa vikaungana kwenye Magic Pass, mapato wakigawana kwa kadiri ya matumizi. Vingi kati ya hivyo vilikuwa na viti vitupu katikati ya wiki. Pasi iliyowajazia wenzetu wa Interstate 70, barabara ya kutoka Denver kwenda milimani, iliwaokoa wao. Uliza kwanza kama mlima ulikuwa umejaa kabla ya pasi.

---

Hesabu_Kwanza

Vilima_Vidogo, hapo huna mpinzani. Mfano wa kuongezea ni Arapahoe Basin, kituo cha Colorado. Ilikuwa kwenye Epic tangu mwanzo, bila kikomo, na maegesho yake ni madogo. Ikajitoa baada ya msimu wa 2018/19, ikaenda Ikon kwa siku 7 tu kwa mwenye pasi kamili, na yenyewe ikapunguza idadi ya pasi na tiketi zake. Mlima ni uleule na jiji la jirani ni lilelile, kilichobadilishwa ni kikomo cha siku. Wenyewe walisema walifanya hivyo kwa ajili ya nafasi, na Jumamosi zao zikapumua. Mwaka 2024 Alterra ikainunua.

Mkuu MkaziWaDenver, kabla ya kununua chochote fungua jedwali la pasi na usome mambo manne: siku kwa kila mlima, tarehe zilizofungwa, kama unatakiwa kuhifadhi siku kabla, na kama gari lina hifadhi yake pekee. Jambo la nne huwa halipo kwenye ukurasa wa pasi, liko kwenye tovuti ya mlima wenyewe. Usingoje Desemba: bei hupanda kwa hatua kuanzia masika, halafu dirisha linafungwa kabisa. Na kama siku zako ni tatu au chini, usichukue pasi kamili. Zipo za idadi maalumu ya siku, na tangu 2025/26 mwenye Epic anaweza kumnunulia rafiki tiketi kwa nusu bei. Pasi za Vail zilipungua idadi misimu miwili mfululizo, 2024/25 na 2025/26, ndiyo maana ghafla wamemkumbuka mteja wa siku moja.

---

Fundi_Kebo

Ukifika mlimani, angalia viti vinavyoondoka, hesabu kumi. Vikiwa vimebeba chini ya watu 35 kwenye lifti ya wanne, hamia lifti nyingine. Hiyo foleni haitasogea hata ikionekana fupi.